Kibati cha Ishirini na Saba

Zimeni hiyo feni, inanila sauti, na sauti yenyewe iliyobaki ni ya kubana matumizi. Kaeni. Wewe mwanangu wa kwanza, weka simu chini, wateja wako wa saruji hawatakufa ukichelewa nusu saa, mimi ndiye ninayekufa. Wewe Muuguzi, mwanangu wa pili, acha kunishika kifundo cha mkono kila dakika, mapigo yakikoma nitakuambia. Na wewe Binti, mtoto wa mdogo wangu, ambaye nyumba nzima imekuita hivyo hata sasa una miaka arobaini na nne na miwani ya kushonea, sogea hapa karibu na kichwa, maana nitakayosema ni yako kuliko ya hawa, na yamenikaa kooni miaka arobaini na moja kama mwiba wa samaki. Msinikatize. Mkinikatiza nitapata kisingizio cha kunyamaza, na visingizio nimeshavila vyote.

Chumba hiki mnakijua. Nyote watatu mmeugua surua humu, na nyote mmewahi kuchapwa kwa kuchora chaki kwenye huo ukuta wa nyuma, kwa sababu kuta tatu za chumba ni za tofali, zetu, lakini huo wa nne ni ukuta wa mji, babu yangu aliegemeza nyumba juu yake ili aokoe tofali za upande mmoja. Mawe ya msingi aliyashusha kutoka huko huko juu, kwa toroli, mchana kweupe, kama walivyofanya majirani wote. Ngazi za shule ya msingi ni mawe ya ukuta, na karo la yule mama muuza mkaa ni mawe ya ukuta, na leo wote tunajifanya kuushangaa pamoja na wageni kana kwamba hatujautafuna.

Hao wageni, na kofia zao na chupa zao za maji, nimewaeleza habari zake miaka hamsini. Nimewaonyesha unene wa hatua sita, na alama za nyundo za waashi waliokufa bila kuuona umekwisha, kwa kuwa ulijengwa vizazi vitatu, baba akiangusha mwiko mwana akauokota. Nimewaeleza kwamba juu yake kulikuwa na malindo arobaini, mlinzi mmoja kila lindo, na njia ya kupanda ni moja tu, ile ngazi nyembamba yenye mlango, na kando ya mlango kuna ubao wenye misumari arobaini ambao ukoo wetu umeutunza tangu mwanzo. Anayepanda anachukua kibati cha shaba chenye namba ya lindo lake, akishuka anakirudisha. Na mlinzi hakushuka kwa kuchoka wala kwa njaa. Alishuka pale tu mwenzake alipofika, akasimama mbele yake uso kwa uso, akamwambia, "Lindo ni langu, shuka ukapumzike." Bila maneno hayo mtu alibaki alipo. Na aliyekutwa na machweo juu ya ukuta, awe nani, awe alipanda kupeleka maji tu, lindo lilikuwa lake mpaka apokelewe.

Mji ulizingirwa miezi saba. Asubuhi moja adui aling'oa mahema akaondoka, na furaha ilivyokuwa kubwa walinzi walitupa taratibu zote, wakateremka mbio sokoni kukumbatia wake zao, na mtunza ubao, mtu wa damu yetu, akaona misumari inang'aa vibati, hakuhesabu, akaenda kucheza na wenzake. Lindo la ishirini na saba liko kwenye kona ya mwisho, pale ukuta unapojikunja, na huko vifijo havikufika. Walimkumbuka baada ya siku tisa. Walikuta kata ya maji imekauka na mkuki umeegemezwa vizuri, kama wa mtu aliyegeuka kidogo kujikuna. Mtu hayupo. Kibati hakipo. Chini ya ukuta, nje na ndani, hakuna aliyeanguka. Ule ubao wa rangi waliousimika halmashauri mwaka jana unasema walinzi wote arobaini walishuka salama, na kila nikipita nautemea mate pembeni, kwa sababu mimi nimehesabu vibati thelathini na tisa kila jioni ya maisha yangu, na babu zangu kabla yangu, na msumari wa ishirini na saba haukuwahi kuwa na kitu.

Baba aliponikabidhi ubao alinikabidhi na makatazo. Usipandishe wageni zaidi ya vibati ulivyonavyo. Kila kibati kwenye msumari wake, usivirundike, uangalie namba kabla ya kuhesabu. Jua lisizame kuna mtu juu. Na yale maneno, waambie wageni huku chini kama wanayataka, lakini yasitamkwe kule kwenye kona hata kwa mzaha. Nilimuuliza kwa nini. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini moto unaunguza.

Lakini nililijua jibu, maana wageni wenyewe, wasioambiwa kitu, walikuwa wanashuka wakilalamika kwamba yule mfanyakazi wenu wa kwenye kona mbona haitikii salamu. Hatukuwa na mfanyakazi kwenye kona. Mama mmoja alinionyesha hata anavyosimama, uzito wote mguu wa kushoto, anatazama nje. Na jiwe la tundu la kuchungulia nje, kwenye kona ile, hata asubuhi ya baridi ya kukunja vidole, ukiliwekea kiganja utakuta lina joto, kama kiti cha mtu aliyeinuka sasa hivi. Watu wengi tu wameligusa. Wanasema jua limelipasha, ilhali kona ile jua haliingii.

Sasa Binti. Baba yako, mdogo wangu wa tumbo moja, tulimwita Mcheshi. Mimi nilitunza ubao kwa sababu sura yangu ni ya kudai kodi, yeye alipandisha wageni kwa sababu aliwavunja mbavu mpaka wakasahau urefu wa ngazi. Siku ile asubuhi tuligombana. Chumba chenu cha mbele kilikuwa kinavuja, wewe una miaka mitatu unakohoa, akaomba mhamie humu, chumba hiki hiki. Nilikataa. Nilikuwa nimehifadhi mbao. Mbao, Binti! Nikamwambia katika nyumba hii yeye ni mgeni kama wageni wake. Alichukua kibati cha kumi na nne, akapanda.

Walikuja wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni, wako matembezini, basi zima, vibati vyote vikaisha ubaoni. Haya yaliyotokea juu walinisimulia wenyewe waliposhuka, wanacheka huku wanafuta machozi: kwamba kwenye kona mmoja wao aliuliza maneno ya zamu yalikuwaje, na Mcheshi akakakamaa kama askari, akapandisha mabega, akaitazama kona tupu, akayasema yote. Walicheka sana. Mzee mmoja tu kati yao hakuwa anacheka. Alisema maneno yalipokwisha kulipita kijibaridi, na akahisi mtu anampenya pembeni kwenye kile kinjia chembamba, kwa adabu, kama anayeomba radhi.

Nilipaswa kupanda papo hapo. Lakini nilikuwa na foleni, watoto wanalia, dereva wa basi anapiga honi, na mimi siku za watu wengi nilikuwa na uvivu wangu ambao baba hakuufahamu: vibati sikuvitundika, nilivipokea nikavitupia kwenye kopo la rangi, nikavihesabu kwa mlio, hata bila kuangalia, nikavipanga kesho yake. Saa kumi na dakika kumi, jua linawaka, akashuka mtu ambaye sikumkumbuka akipanda. Miguu yake ilikuwa na vumbi jeupe mpaka magotini. Alikuwa anazishuka ngazi mojamoja kama anayejifunza upya. Alinipa kibati kwa mikono miwili. Kilikuwa baridi kama kilichotoka kisimani, na mimi, Mungu anisamehe, nikakitupia kwenye kopo nikamwambia ahsante, karibu tena. Alisimama akaliangalia lile basi kwa muda mrefu. Kisha akashika njia ya sokoni polepole, na sijamwona tena.

Saa kumi na nusu kopo lilikuwa limelia mara thelathini na tisa. Hesabu imetimia. Nikafunga mlango kwa kufuli, nikaja humu, nikakaa juu ya mbao zangu kunywa chai.

Ndipo akaanza kugonga. Kila mtu katika nyumba hii alikuwa anaujua ugongaji wa Mcheshi: mbili, kimya, halafu moja. Binti, nisikilize vizuri hapa, usinitazame hivyo, au nitazame, ni haki yako. Nilimsikia. Jua lilikuwa bado juu ya paa la shule. Mlango uko hatua thelathini kutoka hapa nilipo. Nilisema moyoni, hesabu imetimia, kwa hiyo kibati ameshanirudishia, amerudi juu kimyakimya kunichezea, basi aonje kidogo. Aligonga. Akaniita kaka. Nikamimina kikombe cha pili. Baadaye sauti yake ikawa haina mzaha ndani yake, nikaitambua hivyo kabisa, na bado nikasema ngoja nimalize chai. Niling'ang'ania chai ile kama mlevi, kikombe baada ya kikombe. Jua lilipozama aligonga mbili, kimya, na ile moja haikuja.

Niliacha kikombe nikakimbia. Nilifungua mlango nikapanda ngazi mbilimbili mpaka kwenye kona na kurudi, naita jina lake alilopewa na mama yetu. Hapakuwa na mtu. Jiwe la tundu lilikuwa la moto. Asubuhi nilipanga vibati msumari kwa msumari, na wa kumi na nne ukabaki mtupu, na kiganjani nikabaki na kimoja chenye kutu ya kijani, kingo zimelika, na namba yake mnaijua.

Nikadanganya. Nilimwambia mama yako kwamba tumegombana na mumewe ameondoka zake, amesema hataki kutuona sote. Watu waliamini, kwa sababu ugomvi wetu wa asubuhi ulisikika mtaa mzima. Mama yako alimngoja miaka miwili, akaenda mbali kutafuta maisha, akafia huko, nawe ukabaki kwangu. Ulipokuwa darasa la tano nilikuona umekaa pale kizingitini unaikata picha ya baba yako kwa mkasi, kichwa kwanza, na nilikuwa na maneno ya kukuzuia yako hapa, kwenye ulimi, nikayameza. Baba yako hakukuacha, Binti. Aliomba chumba kwa ajili ya kifua chako, kisha akaomba mlango. Vyote viwili nilivizuia mimi.

Usilie bado. Au lia, lakini sikio likae wazi.

Tangu siku ile mlango ule sijaufunga. Wewe mwanangu wa kwanza umenunua kufuli kumi na moja, na kila moja nimesema imeibwa au imeshika kutu. Zote ziko droo ya chini na funguo zake, nilikuwa nakuonea huruma kwa gharama. Na wageni wameendelea kulalamika juu ya mfanyakazi wa kwenye kona, ila siku hizi wanasema ni kijana, na kwamba anaonekana kama anataka kuchekesha halafu anasahau. Nimeyasikia hayo miaka arobaini na moja, nikikata tiketi. Mara tatu nilipanda na kile kibati mfukoni nikayaseme yale maneno, nichukue nafasi yake, na mara tatu nikashuka bila kuyasema. Nilijipa sababu. Mlikuwa wadogo. Kisha mlikuwa shuleni. Kisha mlikuwa wakubwa na mimi ndiye nikawa na hofu tu, bila sababu.

Jumatatu waliponiokota mlinidhania nimeanguka nikifagia. Sikuwa nafagia. Halmashauri wanaleta lango la umeme mwezi ujao, linahesabu watu lenyewe na kujifunga lenyewe saa kumi na nusu, na nikaona nikichelewa hapo ndugu yangu atafungiwa na mashine isiyo na hata aibu. Nilipanda ngazi zile kwa makalio, moja baada ya nyingine, saa nzima. Nikafika kwenye kona. Niliweka kiganja kwenye jiwe, na safari hii joto halikuwa la mtu aliyeondoka. Nikasema, "Lindo ni langu, shuka ukapumzike." Kulikuwa na pumzi karibu na sikio langu, ya mtu anayetaka kuuliza kitu. Kisha moyo ukanipiga teke, na yule karani wa tiketi wa halmashauri na wageni wawili wakanibeba wakanishusha kabla sijashika zamu yangu, wakidhani wananisaidia. Kwa hiyo mambo yako nusu. Nimeshasema maneno lakini sijasimama. Yeye anangoja nifike, nami niko hapa kitandani nakula uji.

Maji kidogo. Basi, yanatosha.

Nyumba hii ni ya Binti. Yote, mbele na nyuma. Mwanangu, ile ndoto yako ya kuivunja ujenge nyumba ya wageni yenye ghorofa, izike pamoja nami. Una duka, una lori, na una mdomo unaoweza kuuza mchanga jangwani, hutalala njaa. Kiwanja cha karibu na machimbo ni chako. Muuguzi, shamba dogo na vitabu vyangu vyote, na usikasirike kwamba sikukuambia kifua kinaniuma tangu mwaka jana. Ningekuambia ungenifungia ndani. Lile jiwe la kizingiti, lenye alama ya nyundo, lirudisheni juu mlikopata... babu alikolitoa. Cherehani, Binti, ihamishie humu. Humu hamvuji.

Sasa shikeni haya, pumzi inakatikakatika. Kibati cha ishirini na saba kiko hapa kiganjani, ndani ya mkono huu wa kushoto. Nikiondoka msinifungue vidole. Niende nacho. Ubao utabaki na vibati thelathini na tisa kama ulivyokuwa kwa babu zangu, na kimoja kiko kazini. Msiseme maneno yale juu. Wafundisheni hata wale wa lango la umeme.

Binti, wewe utakaa mlangoni. Utamwona anashuka. Atakuwa kijana wa miaka thelathini na moja, mdogo kwako kwa miaka kumi na mitatu, na atakutazama akimtafuta mtoto anayekohoa. Usimwambie yote siku hiyo hiyo. Mpe maji. Kama ataanza mzaha, cheka, hata kama si wa kuchekesha, amekaa muda mrefu bila mtu wa kumchekea. Atauliza kaka yake yuko wapi. Mwambie kaka amepokea. Pokea kibati chake, kitazame namba, ni cha kumi na nne, kitundike kwenye msumari wake. Usikitupe kwenye kopo. Usi... usihesabu kwa mlio.

Nisamehe, mwanangu. Ukishindwa, nisamehe nusu. Mungu awashike mikono nyote watatu, awape usingizi mzito na watoto wakaidi, msigombane asubuhi, na mkigombana... mfungue mlango kabla chai haijapoa.

Mnasikia?

Hapana, Muuguzi, si mafundi. Mafundi wa halmashauri waliokuja kupima lango wameondoka saa nane, nimelisikia gari lao. Ni mbili. Mbili, halafu kimya. Nyamazeni. Feni mmezima? Nyamazeni...

Moja.

Nenda, Binti. Mlango uko wazi, hajui tu, mwambie asukume. Kibati kikishakaa kwenye msumari, chagueni kufuli moja kwenye droo, mfunge, mle, mlale. Mimi msinisubiri, lindo ni langu.